Mwadingusha: Mtoto akileta mchoro wa vijiti, ajibiwe nini? Historia ya wachoraji wa Katanga

Duara moja ni kichwa. Mstari mmoja ni mwili. Mistari minne ni mikono na miguu. Ndivyo mtoto anavyoanza kuchora mtu, awe Mwadingusha kando ya ziwa Tshangalele, awe Likasi mjini, au awe katika familia iliyokimbia vita na ambayo bado inangoja siku ya kurudi kwao. Anachora kwa kijiti juu ya mchanga, kwa kipande cha makala ukutani, au kwa biki nyuma ya daftari la masomo. Akimaliza, anamwita mtu mkubwa aje kuangalia.

Jibu analopewa mara nyingi ni la haraka. Wengine wanacheka na kusema huyu si mtu, ni mti uliokauka. Wengine wanamgombeza kwa kuchafua ukuta. Wengine wanamwambia ni vizuri sana huku macho yao yako kwenye sufuria. Kesho yake mtoto haiti tena mtu, na baada ya siku chache anaacha kuchora.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini katika Katanga lina historia ndefu. Wachoraji wa jimbo hili ambao majina yao yanajulikana leo katika nchi nyingi walianza bila masomo ya sanaa. Kila mmoja wao alimwonyesha mtu kazi yake, na jibu alilopata lilibadilisha njia yake. Historia ya watu hao inaweza kumsaidia mzazi, mwalimu au dada mkubwa anayeletewa karatasi yenye watu wa vijiti.

Bukama, 1926: mchoro uliosafiri bila mwenyewe

Albert Lubaki alikuwa mchongaji wa pembe za ndovu huko Bukama, kwenye mto Lualaba. Reli kutoka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilikuwa imepita Likasi na kufika Bukama mwaka 1918, na mji huo ulikuwa na wasafiri wengi. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali ya koloni, Georges Thiry, aliona picha zilizochorwa juu ya kuta za nyumba. Kuta za udongo haziishi muda mrefu, mvua inaziosha. Thiry akampa Lubaki karatasi na rangi za maji, akamwomba achore juu ya karatasi kama alivyokuwa akichora ukutani. Antoinette, mke wa Lubaki, naye alichora.

Watu wa Lubaki ni wepesi kwa macho. Hawana kivuli, na nyuma yao hakuna mlima wala mawingu. Wanatembea, wanabeba, wanakutana na wanyama, na karatasi nyeupe inawazunguka. Mtu asiyejua angesema ni kazi ya anayeanza. Lakini ukiangalia unajua mara moja nani anakwenda wapi na ana mzigo gani.

Thiry alizituma picha hizo Bruxelles kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa wizara ya makoloni aliyependa sanaa ya Kongo. Zilionyeshwa Bruxelles mwaka 1929, Genève mwaka 1930, na Paris mwaka 1931. Watu wa Ulaya walizitazama, wakazijadili na kuziandikia katika lugha zao. Lubaki hakuwa kati yao. Picha zilisafiri, mchoraji akabaki. Katika miaka iliyofuata mawasiliano yalikatika, na jina lake likasahauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 2015 nyumba ya sanaa ya Fondation Cartier huko Paris ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na picha za Lubaki zikawa kati ya zile za zamani zaidi zilizowekwa pale.

Fundisho la kwanza liko hapo. Sifa zinazosemwa mbali na masikio ya mchoraji hazimwongezei kitu mkononi. Mchoro unahitaji jibu linalorudi kwa aliyeuchora, katika lugha anayoisikia.

Elisabethville, 1946: mwalimu aliyekataza kuiga

Miaka 20 baada ya Bukama, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mahali pa kuchora huko Elisabethville. Watu walipaita Le Hangar. Pale walikuja vijana ambao hawakuwa wamepita katika masomo ya sanaa, na waliojulikana zaidi ni Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela Sara.

Sheria ya mahali pale ilikuwa ngeni kwa wakati ule. Katika masomo ya koloni mwalimu alichora ubaoni, mtoto akafuatisha, na anayetoka nje ya mstari akarudishwa. Romain-Desfossés hakutaka vijana wake wafuatishe picha za Ulaya. Hakuwawekea mfano mbele. Kila mmoja alipaswa kutafuta njia yake mwenyewe.

Matokeo yanaonekana hata leo, kwa sababu hakuna anayeweza kuchanganya mikono ya watu hao watatu. Bela aliacha burashi akapaka rangi kwa ncha za vidole, nukta baada ya nukta. Mwenze alijaza watu na wanyama wake kwa mistari mifupi inayolala pamoja kama nyuzi za mkeka. Pilipili alichora ndege, samaki na wanyama wa porini, akaijaza nafasi iliyobaki kwa majani na nukta ndogo za mvua au za maji. Mvuvi wa Tshangalele akiona samaki wa Pilipili hahitaji mtu wa kumweleza.

Lakini historia haipaswi kusimuliwa upande mmoja. Romain-Desfossés alikuwa mtu wa wakati wa koloni. Aliwatazama wasanii wazima kama watoto wake. Kumkataza mtu asione kazi za wengine ni kumlinda, na pia ni kumfunga. Mchoraji anayetaka kujua namna goti linavyokunjwa ana haki ya kuonyeshwa. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa katika mji huohuo, na huko mafundisho yalikuwa ya darasa. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, Hangar ilifika mwisho wake, na Pilipili na Mwenze wakaingia katika chuo hicho wakawa walimu. Wale walioanza bila kusahihishwa wakageuka kuwa watu wa kuangalia kazi za wengine.

Fundisho la pili linatoka hapo, nalo lina sehemu mbili. Ukimsahihisha anayeanza mpaka mchoro wake ufanane na wako, umemnyang'anya mkono wake. Ukimwacha kabisa bila kumwonyesha lolote, umemfungia mlango.

Lubumbashi, 1973: mtu aliyeuliza ni nini kilitokea

Mchoraji wa tatu ndiye aliye karibu zaidi na watu wa kawaida wa Katanga. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga na akazungusha picha zake nyumba kwa nyumba akitafuta mnunuzi.

Katika miaka ile ya 1970, familia nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na picha kama hizo sebuleni. Wazee wanazikumbuka. Kulikuwa na Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki. Kulikuwa na Lumumba. Kulikuwa na Colonie Belge, picha ya mfungwa aliyelazwa chini akipigwa fimbo mbele ya mkubwa wa kizungu. Watu waliziita ukumbusho. Picha ilipimwa kwa mazungumzo iliyoyaleta: mgeni anaingia, anakaa, anainua macho ukutani, na baba wa nyumba anaanza kueleza siku zile zilivyokuwa.

Wachoraji wale walijua jambo ambalo kila anayechora watu wa vijiti anaweza kulitumia. Mtu katika picha anajulikana kwa alama zake. Mfungwa ana nguo yenye mistari. Mkubwa wa koloni ana kofia yake. Askari ana fimbo mkononi. Uso unaweza kuwa nukta mbili na mstari, lakini kofia, mzigo na namna ya kusimama vinasema yote. Wanunuzi walitaka kuona alama hizo, na wachoraji walisikiliza. Hilo nalo ni jibu: mtu anayetoa pesa yake au anayekataa kuitoa anakuambia kama picha imeeleweka.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, profesa aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Mchoraji alisema kwamba yeye pia ni mwanahistoria, na kwamba anaweza kuchora historia yote ya nchi. Profesa angeweza kutabasamu na kununua picha moja. Badala yake alimwambia azilete. Katika miezi iliyofuata Tshibumba alileta picha zaidi ya 100, tangu wakati wa mababu mpaka siku zile za Zaire. Waliziangalia pamoja na kuzungumza kwa Kiswahili cha Katanga, mashine ya kurekodi ikiwa wazi. Fabian aliuliza: huyu ni nani, hapa ni wapi, nini kilitokea kabla, nini kilifuata? Tshibumba alijibu, na mara nyingi jibu lilikuwa refu kuliko picha.

Kati ya picha hizo kulikuwa na ile ya wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Desemba 1941, walipogoma wakidai mshahara. Damu hiyo ilimwagika Elisabethville, na pia Jadotville, jina la zamani la Likasi. Tshibumba hakuwa amezaliwa wakati ule. Alichora alichosikia kwa wakubwa wake. Mwalimu wa chuo angeweza kumwambia kwamba miili ya watu wake ni migumu na kwamba nyuso zao zinafanana. Angekuwa amesema kweli, na asingejua lolote juu ya mwaka 1941.

Fabian alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1996, kikiwa na picha hizo pamoja na maelezo ya mchoraji mwenyewe. Picha zenyewe leo ziko Amsterdam, katika jumba la Wereldmuseum, ambalo zamani liliitwa Tropenmuseum. Tshibumba hakukiona kitabu. Alama zake zinapotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu waliomtafuta hawakumpata. Maneno yake yamebaki kwa sababu kuna mtu aliyemuuliza akangoja jibu.

Kwa nini jambo hili linagusa familia zilizohama

Katanga inajua maana ya kuhama. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, na wengi walilala siku nyingi penye gare wakingoja treni, wengine wakifia palepale. Baadaye vita vya upande wa Mitwaba, Pweto na Manono vilisukuma familia nyingine barabarani. Anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na godoro kama nguvu zinatosha. Picha ya ukutani inabaki kwenye ukuta.

Mtoto wa familia kama hiyo akichora nyumba, mti na watu watano wa vijiti, inawezekana anaweka ukumbusho ambao nyumba haina tena. Anayemwambia kwamba mikono ni mirefu amejibu swali ambalo mtoto hakuliuliza. Na mtu wa tano, aliyewekwa mbali kidogo na wengine, hataulizwa.

Namna ya kujibu

Kutokana na historia hii, mzazi au mwalimu anaweza kushika mambo machache.

Kwanza, akae chini na aangalie mchoro mzima kabla ya kufungua mdomo.

Pili, aulize kama Fabian alivyouliza: huyu ni nani, anakwenda wapi, ana nini mkononi, huyu mwingine mbona yuko pembeni? Kama mtoto hataki kusema, asilazimishwe. Ataleta mchoro mwingine.

Tatu, aseme alichokielewa bila kuelezwa. Kwa mfano: nimeona kwamba huyu ni mama, kwa sababu ana mtoto mgongoni. Hapo mchoraji anajua alama gani imefanya kazi.

Nne, kama mchoro haujaeleweka, amwonyeshe jambo moja tu. Mtu wa vijiti anayekimbia anaonekana amesimama kwa sababu mstari wa mwili umenyooka. Uinamishe mbele kidogo, uvunje mstari wa mguu penye goti na wa mkono penye kiwiko, naye atakimbia. Anayebeba ndoo ya maji mkono wa kulia mwili wake unaegemea kushoto. Mtoto hahitaji kuambiwa hilo mara mbili. Anaweza kusimama, kushika ndoo, na kulisikia katika mgongo wake mwenyewe.

Tano, mkono wa kusahihisha usiguse karatasi ya mtoto. Uchore pembeni, juu ya mchanga, na mtoto aamue kama atafuata. Hapo mlango wa Moonens unafunguka bila kuufunga ule wa Hangar.

Karatasi haigharimu sana, na makala yako katika kila jiko. Lubaki alianza na ukuta wa udongo, Tshibumba na mfuko wa unga. Mtoto anayechora leo kwenye mchanga wa Mwadingusha anahitaji mtu mmoja atakayeinama, aangalie, na kumuuliza: huyu ni nani?