Kasirani na Jicho la Roho

Wakristu wengi hufikiri kwamba mtu mtakatifu ni yule asiyesikia kasirani hata kidogo. Wazo hili ni la zamani. Seneca, mwenye hekima wa Roma katika karne ya kwanza, aliandika vitabu vitatu juu ya kasirani, akifundisha kwamba yapasa kuing'oa kabisa. Je, walimu wa Kanisa walifundisha vilevile? Tuwasikilize watatu.

Wa kwanza ni Yohane Cassianus. Aliishi pamoja na wamonaki wa jangwa la Misri, na karibu na mwaka 415 akaanzisha monasteri mjini Marseille, katika nchi ya Ufaransa ya leo. Alijua kwamba mmonaki mwenye kasirani hutamani kuwaacha ndugu zake na kukaa peke yake. Lakini yeye mwenyewe akumbuka kwamba huko jangwani, pasipo mtu wa kumchokoza, alikasirikia kalamu yake ya tete, kwa kuwa nene ao nyembamba mno. Alikasirikia kisu kisichokata, na jiwe la kuwashia moto lililokawia kutoa cheche. Basi kasirani haikutoka kwa ndugu. Ilikuwa ndani yake. Nyoka aliye tunduni haumi mtu, lakini sumu anayo bado. Kwa hiyo Cassianus awaonya pia wale wanaonyamaza kwa uchungu: kinywa kimefungwa, moyo unawaka.

Hata hivyo yeye ni mkali. Aturuhusu kukasirikia zambi zetu wenyewe tu. Kasirani nyingine yote hupofusha: ukifunika jicho kwa bamba la zahabu ao la risasi, ni mamoja, halioni.

Mtakatifu Gregorio Mkuu, Papa tangu 590 hata 604, atumia naye mfano wa jicho, lakini kwa namna nyingine. Kasirani ya ubaya hupofusha, ndiyo. Ile ya kupenda haki ni kama dawa ya macho: kwanza yatia giza, kisha jicho laona vizuri kuliko mbele. Lakini ifuate nyuma ya akili kama mtumishi, isitangulie kama bibi wa nyumba.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino (1225-1274) aongeza kwamba kukosa kasirani pale akili nzuri inapoidai kwaweza kuwa zambi. Na Injili ya Marko (3, 5) yatuambia kwamba Yezu aliwatazama kwa kasirani wenye mioyo migumu, huku akihuzunika. Kisha akamponya mgonjwa.

Sisi tunaoishi pamoja katika seminari na misioni twajua ukimya wa mezani unaofanana na amani. Kasirani iliyofichwa hutoka kwa mlango mwingine: padri amekasirikia mwenzake, na katekista ndiye apokeaye maneno makali. Basi ikija, tusiifukuze mbio, wala tusiifuate. Tuiulize: Umetoka wapi? Kiburi chetu kimeguswa, ao mtu ameonewa? Ikiwa ni kiburi, twende kuungama. Ikiwa mtu ameonewa, twende kumsaidia.