Tasnifu ya Maneno 80,000 na Kichupa cha Kuchemshia Yai

Mwaka 2007 jiji la Brisbane, mashariki mwa Australia, lilikuwa likiishiwa maji. Mvua zilikuwa haba kwa miaka kadhaa mfululizo, na kufikia Agosti mabwawa makubwa yanayolinywesha jiji, likiwamo lile la Wivenhoe, yalikuwa yamebakiwa na maji chini ya asilimia 20 ya ujazo wake. Serikali ya jimbo la Queensland iliwataka wakazi wasizidishe lita 140 kwa mtu kwa siku. Kumwagilia bustani kwa mpira kukapigwa marufuku. Watu wakazoea kuoga kwa kupimiwa: bafuni panawekwa kile kichupa cha mchanga cha kuhesabia dakika tatu za kuchemsha yai, mchanga ukiisha kushuka, bomba linafungwa, hata kama povu bado liko kichwani.

Kutokana na vichupa hivyo, Profesa Alan Lawson, aliyekuwa akisimamia masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Queensland, alipata wazo la kuwapima wanafunzi wake wa uzamivu kwa kipimo hichohicho. Mwaka 2008 wanafunzi wapatao 160 walijitokeza katika shindano la kwanza, kila mmoja akiwa na dakika tatu za kueleza utafiti wa miaka mitatu au minne mbele ya watu wasio wa fani yake. Masharti yalikuwa makali na mpaka leo hayajalegezwa. Picha moja tu ukutani, isiyocheza. Hakuna muziki wala mavazi ya kuigiza, na hakuna kifaa cha kuonyesha. Ushairi na nyimbo haviruhusiwi. Anayevuka dakika tatu, hata kwa sekunde, ameondolewa. Waandaaji hupenda kukumbusha kwamba tasnifu ya maneno 80,000 ingesomwa kwa sauti ingechukua takriban saa tisa.

Shindano likasambaa kama moto wa nyika. Mwaka 2010 lilikuwa tayari limevuka bahari hadi New Zealand, na chuo hicho sasa kinahesabu vyuo zaidi ya 900 katika nchi zaidi ya 85 vinavyoliendesha. Wazungumzaji wa Kifaransa walianza na lao huko Québec mwaka 2012, wakaliita kwa jina la sekunde 180, likafika Ufaransa mwaka 2014 na kuingia Moroko, Senegali na nchi nyingine za Afrika zinazotumia lugha hiyo. Wengine wakaenda mbali zaidi: mwaka huohuo wa 2008, mjini Vienna, mwandishi wa sayansi John Bohannon aliwaalika watafiti wacheze tasnifu zao kwa dansi. Jarida la Science likalichukua shindano hilo. Mshindi wa 2024, Mbrazili Weliton Menário Costa, aliyesomea uzamivu Canberra, alieleza kwa ngoma na wimbo jinsi kangaruu wanavyotofautiana tabia.

Kwa yote haya mtu angedhani kueleza utafiti mbele ya hadhira ni uvumbuzi wa karne hii. Historia ya shahada yenyewe inasema vingine.

Katika karne ya 13, Chuo Kikuu cha Paris hakikumtahini mtu kwa karatasi. Kilimtahini kwa mdomo. Mwalimu alitangaza swali, mwanafunzi wake akasimama kulijibu, wengine wakampinga mmoja baada ya mwingine, na siku nyingine mwalimu akarudi kutoa uamuzi. Mijadala hiyo ilikuwa ndiyo kazi ya chuo, pamoja na kufundisha. Na mara mbili kwa mwaka, kabla ya Krismasi na wakati wa Kwaresima, ulifanyika mjadala wa aina ya pekee: yeyote aliyekuwamo ukumbini aliruhusiwa kuuliza chochote. Mwalimu hakujua atakachoulizwa. Mijadala hiyo haikuwa ya lazima, na si ajabu kwamba si kila mwalimu aliithubutu. Thomas Aquinas aliithubutu, katika vipindi vyake vyote viwili vya kufundisha Paris, na maswali aliyoulizwa yamehifadhiwa. Mengi ni ya teolojia ngumu. Lakini limo pia swali la mtu aliyetaka kujua kama ukweli una nguvu kuliko divai, kuliko mfalme na kuliko mwanamke. Aquinas hakumcheka muulizaji. Alimjibu kwa mpangilio uleule aliotumia kwa maswali ya malaika.

Ukumbi ulikuwa wazi, basi. Ila lugha ilikuwa Kilatini. Muuza samaki wa mtaa wa pili angeweza kusimama mlangoni na asiambulie kitu. Hali hiyo ilidumu kwa karne nyingi. Christian Thomasius alipotangaza mwaka 1687 kwamba atafundisha kwa Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Leipzig, wenzake waliliona jambo la aibu.

Hata shahada yenyewe haikuwa na maana tunayoipa leo. Tumchukue Carl Linnaeus, Mswidi aliyewapa mimea na wanyama majina yao ya kisayansi. Mwaka 1735 alisafiri hadi Harderwijk, mji mdogo wa Uholanzi ambao chuo chake kilijulikana kwa kutoa udaktari haraka. Alifika na tasnifu mkononi, akaitetea kwa Kilatini, na hata wiki mbili hazikuisha akawa daktari wa tiba. Tasnifu ilihusu chanzo cha homa za vipindi, yaani malaria, na hoja yake ilikuwa kwamba homa hizo huwapata wanaoishi kwenye ardhi ya mfinyanzi. Alikosea kabisa, kama tujuavyo sisi tunaolala ndani ya vyandarua, ingawa aliona sawasawa kwamba ugonjwa unafuata mahali.

Aliporudi Uppsala na kuwa profesa, Linnaeus alisimamia tasnifu 186. Nyingi kati ya hizo alizitunga au kuzisemesha mwenyewe. Mwanafunzi alilipia uchapaji, akasimama ukumbini, akaitetea kwa Kilatini kazi ambayo mawazo yake yalikuwa ya mwalimu. Leo tungeliita jambo hilo udanganyifu na kuitisha kamati ya maadili. Kwa wakati wao lilikuwa na mantiki: kilichopimwa ni uwezo wa kusimama na kujibu. Uvumbuzi ulikuwa kazi ya profesa.

Mizani iligeuka katika karne ya 19. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810 kwa fikra za Wilhelm von Humboldt, kilikuza wazo kwamba chuo ni mahali pa kutafuta maarifa mapya, na shahada ya udaktari ikawa uthibitisho kwamba mwenye nayo ameongeza kitu ambacho hakikujulikana. Maandishi yakawa ndiyo mtihani. Wamarekani waliosoma Ujerumani wakaibeba. Yale ilitoa shahada zake za kwanza za uzamivu mwaka 1861. Waingereza walichelewa. Oxford iliikubali shahada hiyo mwaka 1917 tu, na Uingereza ilipoipokea ikaifanyia jambo moja lililotufikia sisi: utetezi ukaingizwa chumbani, mlango ukafungwa, wakabaki mtahiniwa na watahini wake.

Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vilizaliwa katika mkono huo. Makerere ilianza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza vivyo hivyo chini ya London. Tulirithi joho, tukarithi mtahini wa nje, na tukarithi Kiingereza. Mtafiti anakwenda kijijini, anawahoji wakulima kwa Kiswahili, pengine kwa Kihehe au Kisukuma, kisha anarudi mjini kuyaandika majibu yao kwa lugha ambayo wengi wao hawataisoma. Hata tasnifu kuhusu Kiswahili chenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Zinazoandikwa kwa Kiswahili zimeongezeka, lakini karibu zote ni za lugha na fasihi. Mwanafunzi wa udongo au wa uhandisi wa maji bado haoni njia.

Hata hivyo Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa na mtu mmoja aliyeufungua mlango kwa bega. Walter Rodney wa Guyana alipata uzamivu wake London mwaka 1966 kwa tasnifu kuhusu pwani ya Guinea ya Juu kati ya 1545 na 1800, kazi ya kuchimba nyaraka za Wareno, Wahispania na Waitalia. Ni kazi ya mwanahistoria kwa wanahistoria. Mwaka huohuo akaja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alikuwa Jamaika, ambako alitoka nje ya kuta za chuo akakaa na Marasta na vijana wasio na kazi wa Kingston, akizungumza nao historia ya Afrika na kuhojiwa nao. Serikali ya Jamaika iliona hatari. Oktoba mwaka huo ikamzuia kuingia nchini, na mji ukawaka kwa ghasia. Mazungumzo yake yalichapishwa mwaka 1969, mwaka aliorudi Dar.

Mwaka 1972 kikatoka kitabu kinachomtambulisha hadi leo, How Europe Underdeveloped Africa, kilichochapishwa London na pia hapa nyumbani na Tanzania Publishing House. Ukikifungua utashangaa jinsi tanbihi zilivyo chache. Rodney alijua kuziandika. Tasnifu yake imejaa. Aliamua kwamba anamwandikia Mwafrika anayetaka kuelewa kwa nini yuko alipo, na wataalamu waliomlaumu kwa kurahisisha mambo aliwaacha walaumu. Mimi naona baadhi ya lawama zao zilikuwa za haki. Lakini kitabu hicho kilibishaniwa mabwenini na kwenye vikao vya vyama, na mtu aliyebishana nacho alikuwa tayari amekisoma.

Hapo ndipo shindano la dakika tatu linaponitia mashaka. Sishuku faida yake kwa mshiriki. Mtu aliyelazimika kueleza protini au mkopo wa riba bila istilahi hata moja mara nyingi hugundua kwamba sehemu fulani ya kazi yake hata yeye hakuielewa vizuri. Na majaji hupewa vigezo vya busara: wanapima kama hadhira imeelewa na kama imevutwa, na wanatakiwa kumkata alama anayerahisisha hadi kupotosha. Kinachokosekana ni swali. Dakika tatu zikiisha, anashuka, anapanda mwingine. Hadhira hupewa kura ya kumchagua inayempenda, haipewi nafasi ya kumuuliza alijuaje. Tangu janga la korona baadhi ya fainali hufanyika kwa video zilizorekodiwa, kwa hiyo hata uso wa msikilizaji aliyekunja kipaji haupo. Paris ya Aquinas ilimfungia mtu wa kawaida kwa lugha ikamwachia mdomo wazi aliyeijua. Brisbane imefungua lugha, mdomo wa msikilizaji ndio uliofungwa.

Kuna mahali ambako vyote viwili vimesalia. Nchini Uswidi nakala ya tasnifu bado hupigiliwa msumari hadharani wiki tatu kabla ya utetezi, ili yeyote apate kuisoma na kujiandaa kupinga. Uholanzi utetezi ni wa wazi, na katika vyuo vingi mtahiniwa huanza kwa kuwaeleza ndugu na majirani kazi yake kwa lugha ya kawaida. Kisha huhojiwa kwa takriban dakika 45, mpaka mshika fimbo wa chuo aingie na kutangaza kwa Kilatini kwamba saa imetimia.

Utaratibu wa Finland ndio ninaoupenda zaidi. Mtahiniwa huvaa rasmi na kupewa dakika zisizozidi 20 kueleza utafiti wake kwa namna ambayo mtu asiye mtaalamu ataifuata. Baada yake anasimama mpinzani, msomi aliyealikwa kutoka chuo kingine, na kumhoji kwa saa kadhaa, ukurasa kwa ukurasa. Mpinzani akimaliza, mtahiniwa anageukia ukumbi na kuwaalika wote waliomo, yeyote mwenye la kusema dhidi ya tasnifu hiyo, aombe nafasi aseme. Jioni kunakuwa na karamu. Gharama ni za mtahiniwa, na mgeni wa heshima ni yuleyule mpinzani aliyemhoji mchana.