Mgeni wa Kutwa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Juma hili tuutazame mji wa Venice, kaskazini mwa Italia, ambao wageni wake wengi hawaifikii hiyo siku ya tatu. Huingia asubuhi, na jioni wamekwisha ondoka.

Venice imejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, penye maji ya kina kifupi kando ya Bahari ya Adriatic. Nyumba zake zimesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa topeni. Njia kuu ni mifereji: mgonjwa hupelekwa hospitali kwa mashua, takataka huzolewa kwa mashua, na hata maiti huvushwa kwa mashua hadi kisiwa cha makaburi. Hakuna ajabu kwamba walimwengu wanatamani kuuona mji huo.

Lakini wageni si jambo geni Venice. Jamhuri yake, iliyoangushwa na Napoleon mwaka 1797, iliishi kwa wageni karne nyingi. Tofauti ni kwamba iliwapokea kwa masharti yake. Karibu na daraja la Rialto ilikuwapo tangu karne ya 13 nyumba ya wafanyabiashara wa Kijerumani, Fondaco dei Tedeschi. Neno fondaco limetokana na Kiarabu, funduq, yaani nyumba ya kufikia wageni. Mjerumani alipaswa kulala humo, kuweka mali yake humo, kulipa ushuru, na kununua na kuuza mbele ya dalali aliyekubaliwa na serikali. Yeye aliondoka na viungo na hariri. Dalali, mchukuzi na mpiga kasia walibaki na riziki.

Hata tauni ilipotisha, mji haukufunga milango. Ulitenga kisiwa kwa wagonjwa mwaka 1423, na mwaka 1468 kingine cha kusubirishia meli zilizoshukiwa. Neno letu karantini asili yake ni lugha ya watu hao, na maana yake ni siku arobaini. Naam, hilo ndilo lililokuwa jembe lao: mgeni karibu, lakini mji kwanza.

Je, siku hizi? Mwaka 1951 wakazi wa mji wa kale walikuwa kama 175,000. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000, huku wageni wakikadiriwa kuwa milioni 20 au zaidi kwa mwaka. Wengine watasema ni maji yaliyowafukuza. Ni kweli kwamba tarehe 4 Novemba 1966 bahari ilipanda sentimita 194, na waliokaa vyumba vya chini wakapoteza kila kitu. Lakini tangu mwaka 2020 yapo malango makubwa ya chuma yanayoinuliwa kuzuia bahari. Hakuna lango la kumzuia mwenye nyumba asimtoe mpangaji wa miaka yote ili apangishe watalii kwa usiku mmoja mmoja.

Tazameni ile nyumba ya Wajerumani. Katika karne ya 20 ilikuwa posta, mahali ambapo mkazi alituma barua zake. Mwaka 2016 ikafunguliwa kuwa duka la bidhaa za anasa. Posta ni ya mwenyeji. Mkoba wa bei mbaya ni wa mpita njia. Na mpita njia hahitaji fundi viatu, wala shule ya watoto.

Mwaka 2024 wakuu wa mji walianza kumtoza mgeni wa kutwa yuro 5 katika siku maalumu zenye msongamano. Sina ugomvi na kiingilio hicho, ila naona jembe hilo ni jepesi mno. Linahesabu wageni, halirudishi wenyeji. Kitakachowarudisha ni nyumba zenye kodi wanayoimudu na kazi isiyokuwa ya kubeba masanduku ya watalii tu.

Nasi tukijaliwa kufika huko, tulale walau siku mbili tatu, tule kwa mama lishe wa mtaani, tununue kilichotengenezwa na mikono ya hapo. Maana siku atakapoondoka mwenyeji wa mwisho, nani atabaki kumwambia mgeni karibu?