Muuza Dawa Kipofu

Wiki hii nazungumzia mchezo wa kompyuta. Usicheke kwanza.

Mwaka 1983 Richard Garriott, kijana wa Texas nchini Marekani, alitoa Ultima III, mchezo wa hadithi ya wachawi na mazimwi. Humo mchezaji aliweza kuiba madukani na kuua raia wasio na hatia, na mwisho bado akawa shujaa. Barua za wachezaji, kwa maelezo yake mwenyewe, zikamfanya ajiulize alikuwa anafundisha nini.

Jibu lake likawa Ultima IV, mwaka 1985. Hamna jitu baya la kuuawa mwishoni. Kazi yako ni kuwa mtu mwema kwa sifa nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, na nyingine kama hizo.

Mimi niliucheza ukubwani, nikanogewa kama mtoto asikilizaye ngano. Muuza dawa za uganga alikuwa mama kipofu. Anakutajia bei, wewe mwenyewe unahesabu sarafu na kumkabidhi. Nikampunja. Hakulalamika. Nikarudi tena, na tena.

Kumbe mchezo ulikuwa unaandika kila kitu kimya kimya! Siku nilipokwenda kwa mtabiri Hawkwind kuuliza habari za ukweli wangu, akanieleza waziwazi kuwa mimi ni mwizi. Nilikuwa peke yangu chumbani, usiku, na nikaona haya.

Nikarudi dukani kwa yule mama. Nikalipa bei kamili, jioni baada ya jioni.