Kabati la seva: uchaguzi wa ukubwa

Kabati la seva ni fremu ya chuma ya kufungia seva, swichi na betri za akiba. Upana wa vifaa ni inchi 19 (milimita 482.6), kwa kiwango cha EIA-310. Kimo huhesabiwa kwa U, na U moja ni milimita 44.45.

Ofisi ndogo ya Kwa Mrombo, jijini Arusha, yenye seva mbili za 2U, betri ya 2U, swichi na paneli ya nyaya za 1U kila moja, inahitaji 8U. Kabati la 12U linaacha nafasi ya kukua. La 42U, lenye kimo cha takriban mita 2, huenda lisipite hata mlangoni.

Kinachowaponza wengi ni kina. Makabati ya ukutani ya milimita 450 au 600 yametengenezwa kwa ajili ya swichi, ilhali seva nyingi zina kina cha milimita 700 au zaidi, kabla ya nyaya za nyuma. Seva kama hiyo inataka kabati la kusimama lenye kina cha milimita 1,000 au zaidi.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya mwinuko huo hubeba joto pungufu, hivyo mlango wa matundu unafaa kuliko wa kioo, ingawa vumbi la kiangazi litadai usafi wa mara kwa mara. Betri, kwa uzito wake, hukaa chini kabisa.

Pima seva kabla ya kulipia kabati.