Uzi Kwanza, Mbao Baadaye: Safari ya Gitaa la Klasiki na Gitaa Kavu

Anayenunua gitaa kwa mara ya kwanza huangalia rangi, kisha umbo, kisha bei. Nyuzi huzikumbuka siku mmoja unapokatika. Historia ya chombo hiki imekwenda kinyume na hivyo. Kila uzi ulipobadilika, mafundi walilazimika kulijenga gitaa upya, na ndiyo maana gitaa la klasiki na gitaa la nyuzi za chuma, yaani gitaa kavu, ingawa yanafanana kwa macho, ni vyombo viwili vyenye tabia mbalimbali.

Hispania ndiko ilikoanzia habari yenyewe. Utawala wa Waislamu wa Andalusia uliingiza udi, huu huu ambao mpenzi wa taarabu ya Unguja anautambua kwa pigo la kwanza, na udi ukaizaa luti ya Ulaya. Wahispania wa karne ya 16 walipendelea zaidi vihuela, iliyokuwa na kiuno kama cha gitaa lakini nyuzi zake zikapangwa kwa sauti za luti. Mwaka 1536 Luis Milán alichapisha mjini Valencia kitabu chake El Maestro, chenye muziki wa chombo hicho. Gitaa lenyewe wakati huo lilikuwa dogo, lenye jozi nne za nyuzi, baadaye tano. Mwaka 1674 Gaspar Sanz akalitolea kitabu cha mafunzo ambacho wapigaji wanakisoma hadi leo.

Nyuzi hizo zote zilitoka kwenye utumbo wa kondoo. Utumbo ulisafishwa, ukakwanguliwa mafuta, ukasokotwa ungali mbichi, kisha ukaachwa ukauke ukiwa umevutwa. Uzi wa namna hiyo una sauti tamu, lakini una maudhi yake: hewa ikiwa na unyevu sauti inahama, na uzi wa besi, kwa kuwa lazima uwe mnene, hutoa mlio uliofifia. Ndiyo sababu moja ya kufunga nyuzi kwa jozi, mnene pamoja na mwembamba wa oktavu ya juu, ili ule mwembamba uupe mwenzake mng'ao. Katikati ya karne ya 17 watengenezaji wakagundua njia ya kuuzungushia uzi waya mwembamba wa madini. Uzi ukapata uzito bila kunenepa. Besi ikasikika vizuri peke yake, na jozi zikaanza kukosa kazi. Mwanzoni mwa karne ya 19, gitaa la nyuzi sita moja moja lilikuwa limeenea Ulaya, na ndilo walilolipiga Fernando Sor mjini Paris na Mauro Giuliani mjini Vienna.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu ni mkubwa kuliko wote katika habari hii. Antonio de Torres alizaliwa mwaka 1817 karibu na Almería, kusini mwa Hispania, akajifunza useremala, na kwa miaka kadhaa aliacha kutengeneza magitaa akauza vyombo vya kaure ili apate riziki. Alipanua mwili wa gitaa, akapunguza unene wa ubao wa uso, na ndani yake akabandika vijiti vyepesi vilivyotandazwa kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Urefu wa uzi kutoka shingoni hadi kwenye daraja akauweka karibu milimita 650, kipimo kinachotumika kwenye magitaa mengi ya klasiki hadi sasa. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, uso peke yake ukiwa wa mbao. Alitaka kuonyesha kuwa sauti inazaliwa usoni. Gitaa hilo linahifadhiwa katika Makumbusho ya Muziki ya Barcelona, na hoja yake bado ndiyo hoja bora ambayo mnunuzi anaweza kwenda nayo dukani.

Upande wa pili wa Atlantiki, mambo yalichukua mkondo mwingine. Christian Frederick Martin, fundi kutoka Markneukirchen nchini Ujerumani, alihamia New York mwaka 1833, kisha akahamishia karakana yake Nazareth, Pennsylvania. Mafundi wa huko walianza kupanga mihimili ya ndani kwa umbo la herufi X. Wakati huo nyuzi zilikuwa bado za utumbo. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 wapigaji wa Marekani walitaka sauti kali ya kushindana na banjo, na mtindo wa muziki wa Hawaii ukazidi kuieneza ladha ya chuma. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Martin ilikuwa ikijenga magitaa yake kwa ajili ya nyuzi za chuma, na mihimili ile ya X ikaonekana inafaa kuubeba mzigo.

Mzigo huo si wa kubeza. Nyuzi sita za klasiki huvuta kwa jumla kama kilo 40. Nyuzi za chuma, hata zile nyepesi, huvuta zaidi ya kilo 70. Nimeona magitaa ya klasiki yaliyofungwa chuma "ili yalie zaidi". Kwa muda yanalia kweli. Kisha daraja linaanza kubanduka, uso unavimba, shingo inapinda, na chombo kizuri kinaishia kutundikwa ukutani.

Klasiki nayo ilibaki na utumbo hadi Vita Kuu ya Pili, ambapo utumbo ulihitajika kwa nyuzi za kushonea majeruhi na wapiga gitaa wakakosa. Nailoni, iliyobuniwa katika maabara za DuPont mwaka 1935, ikawaokoa. Albert Augustine, fundi wa New York, alitengeneza nyuzi za nailoni akishirikiana na Andrés Segovia, Mhispania aliyekwisha kulipeleka gitaa kwenye kumbi kubwa za dunia. Miaka michache baada ya vita, utumbo ulikuwa umekwisha kusahaulika na wengi. Nailoni haikatiki ovyo na haikasirishwi sana na unyevu. Baadaye zikaja nyuzi za kaboni, nyembamba zaidi na zenye mlio mkali zaidi. Wapo wazipendao, mimi sauti ya nailoni hunituliza.

Kwetu, uzi ulioshinda ni chuma. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, mjini Jadotville, ambako leo kunaitwa Likasi. Akiwa na gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada, Mwenda alipiga besi na kuimba Kiswahili huku nyuzi nyembamba zikijibizana juu kana kwamba wapigaji ni wawili. Rekodi yake "Masanga" ilisikika mbali, wataalamu wakaiandika noti kwa noti, na mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport nchini Marekani. Mtindo ule unaidai chuma: nailoni isingetoa ile ncha kali ya kila noti. Mwenda na wapigaji wenzake wa Katanga, Edouard Masengo na Losta Abelo, wanastahili kufundishwa kwenye shule za muziki sambamba na Sor.

Kwa hiyo jiulize kwanza unataka kupiga nini. Kwa klasiki na nyimbo taratibu za vidole, chukua nailoni; shingo yake ni pana, kama milimita 52 pale juu, na vidole vinapata nafasi. Kwa gitaa kavu la Mwenda au kuongoza kwaya, chukua la chuma, ambalo shingo yake ni kama milimita 43. Kisha uangalie uso. Uso wa ubao mzima wa sprusi hutoa sauti safi inayozidi kufunguka kwa miaka. Mwerezi hutoa sauti ya joto tangu siku ya kwanza. Plaiwudi hustahimili, lakini hailii sana. Mgongo wa plaiwudi nausamehe, uso wa plaiwudi siusamehi. Usidanganywe na jina la rozwudi ya Brazili: tangu 1992 biashara yake ya kimataifa imezuiwa kwa mkataba, na mti wetu wa mpingo, ndugu yake wa jenasi moja, nao unahitaji kulindwa.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumvi ya hewani ni adui wa chuma. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Za shaba na zinki hung'aa zaidi zikiwa mpya, kisha huchoka mapema. Zile za shaba yenye bati na fosforasi, zilizoletwa na D'Addario mwaka 1974, hudumu zaidi na zina sauti ya joto kidogo. Na kabla ya kuliuza gitaa lako kwa kuwa limepoteza sauti, libadilishie nyuzi kwanza, za aina lililojengewa, ulisikilize tena kwa wiki moja.