Radi za Ziwa Victoria: kwa nini hupiga usiku, na hutabiriwaje

Utabiri unapotaja "mvua za radi ukanda wa Ziwa Victoria", wengi wetu hapa Nduguti huona hayo ni ya watu wa Mwanza, Mara na Kagera. Lakini dagaa tunaonunua gulioni wanavuliwa huko, na wapo vijana wanaotoka kwetu kwenda kutafuta riziki kwenye mialo na visiwa vya ziwa hilo. Makala haya yanaeleza radi hizo zinatokana na nini, wataalamu huzitambuaje mapema, na sisi wa nyumbani tunaweza kufanya nini.

Ziwa linalobaki na joto

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilometa za mraba 68,800. Liko kwenye mstari wa Ikweta, na maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 26 karibu mwaka mzima.

Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya mvua hujijenga juu ya milima na nyanda za pembeni. Ziwani kwenyewe anga mara nyingi huwa jeupe.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji yanabaki na joto. Upepo sasa hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, tena kutoka pande zote, na hukutana katikati. Hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, na mawingu mazito ya radi hujengeka kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi.

Huo ndio wakati mvuvi wa dagaa yuko kazini na taa zake. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hilo, na upepo mkali na mawimbi ni sababu kubwa.

Wataalamu huonaje mapema?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutumia picha za satelaiti, hesabu za kompyuta na rada iliyoko Mwanza. Mwaka 2016 watafiti walionesha kuwa mvua za radi za mchana kwenye nchi kavu inayozunguka ziwa ni dalili nzuri ya radi kali za usiku unaofuata. Mwaka 2017 ukaanza mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ili Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ziboreshe tahadhari kwa wavuvi na wasafiri.

Mbona wakati mwingine haitokei?

Wingu la radi linaweza kukua ndani ya saa moja na kupiga eneo dogo tu. Mtabiri anaweza kusema tangu mchana kuwa usiku huu ni wa hatari. Ni mwalo gani utapigwa, na saa ngapi, rada huonesha muda mfupi tu kabla, na hapo mtumbwi umeshafika mbali. Kwa hiyo mwalo mmoja ukilala salama, haina maana kwamba tahadhari ilikuwa ya uongo. Huenda mwalo wa jirani haukusalimika.

TMA hutumia rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Tufanye nini?

Ukisikia tahadhari ya ziwa, mpigie ndugu yako alasiri, kabla hajaingia majini. Huko mbele simu inaweza isipatikane. Muulize kama amesikia taarifa, na kama ana jaketi okozi.

Na radi za hapa kwetu msimu wa mvua? Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilometa 10. Acha jembe, toka shambani, usijikinge chini ya mti. Ingia kwenye nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.